Miwani ya Uhalisia Mseto katika Upasuaji wa Macho: Tathmini kutoka Mashariki mwa Uganda

Miwani ya uhalisia mseto ninayoitathmini hapa ni ya daraja la kati, inayouzwa ughaibuni kwa takriban dola 500 za Marekani, yaani karibu shilingi milioni 1.8 za Uganda kabla ya gharama za usafirishaji na ushuru. Tumekuwa tukiitumia katika kitengo cha macho cha hospitali ninakofanya kazi kama fundi wa vifaa vya tiba, mashariki mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Kenya, mahali ambapo Kiswahili husikika wodini kila siku kwa kuwa wagonjwa hutujia kutoka pande zote mbili. Jina la kampuni iliyoitengeneza siliandiki, kwa sababu mengi ya nitakayoyasema, mazuri na mabaya, yanatokana na aina hii ya kifaa kwa jumla na yatamkuta yeyote atakayenunua miwani ya daraja hilo. Uamuzi wangu nautoa mapema ili msomaji mwenye haraka asihangaike: kwa mwanafunzi wa upasuaji na kwa muuguzi anayesaidia, kifaa hiki kina thamani kubwa kuliko bei yake, lakini kwa daktari mwenyewe, ambaye ncha ya kisu chake imo ndani ya jicho la mtu, bado si cha kutegemewa katika mazingira yetu.

Uhalisia mseto si sawa na uhalisia pepe. Katika uhalisia pepe mvaaji hufunikwa macho kabisa na kuingizwa katika ulimwengu uliochorwa na kompyuta, ilhali katika uhalisia mseto anaendelea kukiona chumba alichomo huku picha nyingine zikielea mbele yake. Zipo njia mbili za kulifanikisha hilo. Ya kwanza ni kioo kinachopitisha mwanga, ambapo jicho huona chumba moja kwa moja na picha hupandishwa juu yake. HoloLens 2 ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2019, ilitumia njia hiyo. Ya pili ni kamera zilizo mbele ya miwani, ambazo hukipiga picha chumba na kukionyesha katika skrini mbili ndogo zilizo karibu na macho. Meta Quest 3 ya mwaka 2023 na Apple Vision Pro, iliyoanza kuuzwa Marekani tarehe 2 Februari 2024, ni za kundi hili, na yetu pia. Tofauti hiyo ina uzito katika chumba cha upasuaji, kwa sababu miwani ya kamera ikiishiwa betri mvaaji hubaki gizani, lakini aliyevaa ya kioo bado anamwona mgonjwa wake.

Wanunuzi wengi hudhani kwamba bei ya miwani ndiyo bei ya mfumo mzima. Miwani peke yake haioni chochote cha maana ndani ya jicho, kwa kuwa kamera zake zimetengenezwa kuangalia sebule, si mpasuko wa milimita chache. Kinachoona ndani ya jicho ni hadubini ya upasuaji, na ili picha yake ifike kwenye miwani inabidi mwanga wake ugawanywe njiani kwa kifaa maalumu chenye vioo, sehemu moja iendelee hadi kwenye macho ya daktari na nyingine iingie kwenye kamera. Ukitaka mvaaji aone kina, yaani atambue kipi kiko juu na kipi kiko chini, unahitaji kamera mbili, moja kwa kila njia ya mwanga, kisha kompyuta ya kuzipokea picha hizo na kuzituma moja kwa jicho la kulia na nyingine kwa jicho la kushoto. Kwetu, kigawa mwanga, kamera na kompyuta viligharimu zaidi ya miwani yenyewe, na hiyo ni kwa sababu hadubini yetu ilikuwa tayari na mahali pa kuvifungia. Hospitali yenye hadubini ya zamani isiyo na nafasi hiyo isinunue miwani kwanza. Ianze na hadubini.

Mfumo ukishakamilika, kile anachokiona mvaaji kinastahili kuelezwa kwa kirefu. Upasuaji tunaoufanya zaidi ni wa mtoto wa jicho, ugonjwa unaoongoza duniani kwa kusababisha upofu, na tunaufanya kwa njia ya mkono yenye mpasuko mdogo, isiyohitaji mashine ya kuvunjavunja lenzi wala, kwa kawaida, nyuzi za kushonea. Daktari huchimba handaki katika sehemu nyeupe ya jicho, lenye upana wa milimita 6 hadi 7 hivi, akitumia kisu chenye ukali uliopinda kama hilali, akaliendeleza hadi ndani ya konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho. Kisha huufungua mfuko wa lenzi, huitoa lenzi iliyoingia ukungu na kuweka ya bandia mahali pake. Ugumu wote wa handaki hilo umo katika kina. Likipita juujuu, paa lake huchanika. Likipita chini mno, kisu hutumbukia ndani ya jicho kabla ya wakati wake. Daktari mzoefu hukipima kina hicho kwa kuangalia jinsi chuma kinavyoonekana kupitia tishu iliyo juu yake: kikiwa wazi mno paa limekuwa jembamba, na kikipotea kabisa ameshazama.

Mwanafunzi anayefuatilia kwenye televisheni ya ukutani hayaoni hayo. Anaona kisu kikienda kushoto na kulia, anaona damu kidogo ikipanguswa, na anajifunza mpangilio wa hatua, lakini kina hakimo katika picha bapa. Bomba la pembeni la hadubini humwonyesha mtu mmoja tu, tena akiwa amejikunja kando ya daktari, na mara nyingi mtu huyo ni msaidizi ambaye ana kazi nyingine ya kufanya. Miwani iliziba pengo hilo. Katika chumba cha mazoezi tunatumia macho ya mbuzi tunayoyapata kwa wachinjaji alfajiri, kabla konea hazijaanza kufifia, na huko ndiko tulikoifanyia miwani majaribio ya kwanza. Daktari alikuwa kwenye hadubini akichimba handaki, na mwanafunzi aliyevaa miwani amekaa upande wa pili wa meza. Bila kuulizwa, mwanafunzi akasema, “Daktari, hapo kisu kimeshuka.” Daktari akasimama. “Umeonaje?” “Upande wa kulia kimefifia, kushoto bado kinang’aa.” Ilikuwa kweli, na daktari alikuwa amekishusha kwa makusudi ili aone kama kuna atakayetambua. Kwa mtu anayefahamu jinsi wanafunzi wanavyohangaika kuelewa jambo hilo kwa maneno matupu, dakika hiyo ilitosha kuhalalisha gharama.

Faida nyingine inahusu ukimya. Mgonjwa wa mtoto wa jicho hafanyiwi usingizi. Hudungwa ganzi kando ya jicho, hulala chini ya shuka akiwa macho kabisa na kusikia kila neno linalosemwa juu ya uso wake. Mwalimu anayesema “taratibu, utapachana hapo” humfundisha mwanafunzi na kumtia mgonjwa hofu kwa wakati mmoja, na mgonjwa akishtuka kichwa husogea. Hatuwezi kujificha nyuma ya lugha, kwa sababu mzee aliyelala pale huenda anajua Kiswahili, Kisamia, Kiganda na Kiingereza cha kutosha kuelewa kwamba mambo yanaelekea kubaya. Tangu mwalimu na mwanafunzi waanze kuona kitu kilekile kwa kina kilekile, maneno yamepungua sana. “Hapo” moja inatosha. Mazungumzo marefu hufanyika baadaye, video ikirudiwa katika chumba kingine, na huko mwanafunzi huweza kuisimamisha, kuikuza na kuuliza maswali ambayo asingethubutu kuyauliza mbele ya mgonjwa.

Hoja ya kuwekeza katika mafunzo kabla ya mwanafunzi kumgusa mgonjwa si ya kinadharia katika ukanda wetu. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililoitwa OLIMPICS, lililowahusisha madaktari wanafunzi wa macho 50 kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na Zimbabwe, na lililohusu upasuaji huuhuu wa mpasuko mdogo. Waliopewa mafunzo makali ya kuiga upasuaji walionyesha umahiri mkubwa zaidi kuliko wenzao waliofuata mafunzo ya kawaida. Miwani haikuwa sehemu ya jaribio hilo na sidai kwamba matokeo yake yanaihusu moja kwa moja. Ninachokisema ni kwamba shilingi inayotumika kumfanya mwanafunzi aone na arudie kabla hajaingia kwa mgonjwa imetumika mahali penye ushahidi, na miwani inapaswa kuombewa fedha kwa hoja hiyo, badala ya hoja ya kuonekana wa kisasa.

Nikija kwenye kasoro, iliyotusumbua zaidi ni mwanga. Wagonjwa wetu wengi hufika wamechelewa, lenzi ikiwa imeshakuwa nyeupe tupu. Katika hali hiyo mng’ao mwekundu unaorudi kutoka nyuma ya jicho, ambao humsaidia daktari kuutambua utando wa mbele wa lenzi, huwa haupo, ndiyo maana utando huo hupakwa rangi ya bluu iitwayo tripani kabla ya kufunguliwa. Jicho la binadamu likitazama kupitia hadubini linamudu weupe mkali na kivuli kwa pamoja. Kamera zetu hazikumudu. Weupe wa lenzi ulifurika katika picha, na ukingo wa utando uliokuwa ukichanwa, ambao kwa dakika hiyo ndio kitu muhimu kuliko vyote, ukamezwa ndani ya weupe huo kwenye miwani, huku daktari kwenye hadubini akiendelea kuuona vizuri. Tulizima marekebisho ya kiotomatiki ya kamera na kupunguza muda wa kupokea mwanga. Ukingo ukarudi, ila pembe za picha zikawa giza kiasi kwamba mvaaji haoni tena chombo kinapoingia jichoni. Tumebaki na mipangilio miwili ambayo mimi huibadilisha kwenye kompyuta kulingana na hatua ya upasuaji, na maana yake ni kwamba lazima kuwe na mtu wa kufanya kazi hiyo.

Kuhusu ukali wa picha, takwimu za watengenezaji zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Mtu mwenye uoni wa 6/6, yaani wa kawaida, anaweza kutofautisha takriban nukta 60 katika kila digrii ya anachokitazama, na Meta Quest 3 hutoa takriban 25. Tofauti hiyo inatisha kwenye karatasi kuliko inavyoumiza katika kazi, kwa kuwa picha ya jicho inaweza kukuzwa hadi ionekane pana kuliko ukuta, na kila kitu kikaongezeka ukubwa. Mpaka halisi unawekwa na kamera. Kamera yenye nukta 1,920 kwa upana, ikiangalia eneo la milimita 20, huipa kila nukta mikromita 10 hivi, yaani sehemu moja ya mia ya milimita. Utando wa nyuma wa lenzi, ambao ukipasuka upasuaji mwepesi hugeuka kuwa mgumu papo hapo, una unene wa mikromita 4 hivi katikati yake. Unene huo hauonekani hata kwenye hadubini. Daktari huutambua utando kwa mikunjo midogo na vimulimuli vya mwanga vinavyocheza juu yake, na vimulimuli hivyo ndivyo vinavyopotea kwanza video inapobanwa ili isafiri kwa kasi. Picha inaweza kuonekana nzuri kwa jumla, ya kupendeza hata kwa wageni wanaotembelea hospitali, na bado ikawa imeondoa kile kitu kimoja ambacho daktari alikuwa akikitafuta.

Kisha kuna ucheleweshaji. Kamera inayopiga picha 60 kwa sekunde hutoa picha mpya kila baada ya milisekunde 17 hivi, na hapo safari ndiyo kwanza inaanza: picha hupokewa na kompyuta, hubanwa, hurushwa, hufunguliwa na miwani, ndipo huonyeshwa. Apple walipoitangaza Vision Pro walisema chipu yake ya R1 hufikisha picha za kamera kwenye skrini ndani ya milisekunde 12, na nimesikia watu wakiitaja namba hiyo kama hoja ya kufanyia upasuaji. Namba hiyo inahusu kamera za miwani yenyewe. Video inayotoka kwenye hadubini inapita njia nyingine yenye vituo vingi, na kila kituo hutoza muda wake. Kwa waya, mvaaji wetu haoni tatizo akiwa anatazama tu. Bila waya, mkono unaonekana kukawia, na nilipomwomba daktari ajaribu kushona konea ya jicho la mbuzi akiwa amevaa miwani bila waya, alianza kusogeza sindano kidogo kisha kusubiri, kidogo kisha kusubiri. Huwezi kumfanyia mtu upasuaji wa namna hiyo.

Lakini kilichonifanya niamue kabisa si kukawia, ni kuganda. Umeme ukiyumba kwa sekunde moja, hadubini yetu haitikisiki kwa sababu imeunganishwa kwenye betri ya akiba, na miwani nayo ina betri yake. Kinachozimika ni kifaa cha mtandao kilicho katikati, kisipokuwa na akiba yake. Hapo mvaaji haoni giza. Anaona picha ya mwisho iliyofika, safi na angavu, ikiwa imesimama tuli. Giza humwambia daktari asimamishe mkono. Picha iliyoganda humwambia kwamba hakuna kilichosogea, na kwa nusu sekunde mkono unaweza kuendelea kusukuma chombo kikitafuta mwendo ambao macho hayauoni. Kwa mwanafunzi aliyekaa kando hilo ni usumbufu mdogo. Kwa mwenye kisu ni hatari ambayo sioni sababu ya kuibeba wakati hadubini yenye vioo, isiyojua kuganda, iko mezani. Nimeviwekea vifaa vyote betri za akiba na kuweka programu inayogeuza skrini kuwa nyeusi video inapokatika, na bado msimamo wangu ni huohuo.

Hata hivyo, sitaki kuwadharau wanaotaka kumwondoa daktari kwenye hadubini, kwa maana wana sababu ya kweli. Madaktari wa macho huumwa shingo na mgongo kwa miaka mingi ya kuinamia vioo vya hadubini, na katika kambi za upasuaji, ambako wagonjwa hulazwa mmoja baada ya mwingine tangu asubuhi, nimewaona wakijinyoosha ukutani kati ya mgonjwa na mgonjwa. Njia iliyozoeleka zaidi duniani ni skrini kubwa yenye picha za kina inayotazamwa kwa miwani myepesi ya kawaida: NGENUITY ya Alcon ilitoka mwaka 2016, na ARTEVO 800 ya Zeiss ikafuata mwaka 2019. Wapo pia waliotengeneza kofia maalumu kwa ajili ya upasuaji wa macho, kama kampuni ya Beyeonics ya Israeli, ambayo teknolojia yake ina asili katika kofia za marubani wa ndege za kivita. Hizo ni mashine za tiba zilizobuniwa na kuidhinishwa kwa kazi hiyo, kamera na skrini zikiwa zimefungamanishwa tangu kiwandani. Kuilinganisha miwani ya michezo ya dola 500 na mashine hizo ni kuionea, na kuitumia kana kwamba ni mojawapo ya hizo ni kumwonea mgonjwa.

Starehe ya kuvaa ni ya wastani. Quest 3 ina uzito wa gramu 515, HoloLens 2 gramu 566, na Vision Pro ya kwanza gramu 600 hadi 650 bila kuhesabu betri inayoning’inia kwa waya, na sehemu kubwa ya uzito huo iko mbele ya uso. Kwa upasuaji mfupi hakuna atakayelalamika. Barakoa huleta shida kubwa zaidi, kwa sababu pumzi hupanda na kuweka ukungu kwenye lenzi za miwani; utepe wa plasta juu ya pua hulipunguza tatizo, lakini siku za joto hurudi. Sista wetu wa vyombo aliipenda kwa sababu alikuwa akiiona picha ya jicho na trei yake kwa pamoja, akawa anashika kisu kinachofuata kabla hakijaombwa, ila baada ya muda aliivua kwa sababu ya jasho. Katika mikono yake niliuona uhalisia mseto ukifanya kazi yake hasa, maana mwanafunzi anayetazama tu angeweza kutosheka na uhalisia pepe.

Usafi unahitaji nidhamu kuliko kifaa kingine chochote nilichowahi kukitunza hapa. Sponji ya usoni inayokuja na miwani hunyonya jasho na haiwezi kutakaswa. Iondoeni siku ya kwanza na muweke ya silikoni inayofutika. Tusisahau kwamba hiki ni kitu kinachogusa ngozi kandokando ya macho ya mtu mmoja na kisha mwingine, katika hospitali ya macho. Mwaka 2024 ugonjwa wa macho mekundu uliposambaa Uganda, kila mtu alihimizwa asishirikiane taulo. Miwani inayopokezanwa na wanafunzi ni hatari hiyohiyo. Kwetu kila mwanafunzi ana sponji yake yenye alama, na mwenye jicho jekundu haivai kabisa, hata akisema ni vumbi la barabarani. Spiriti ya kufutia ibaki kwenye plastiki na mikanda, isiguse lenzi, kwa kuwa huharibu utando wa juu wake.

Kuiendesha miwani kwa ishara za vidole ni jambo la kufurahisha ofisini, lakini mezani halifai. Mikono yenye glavu safi haitakiwi kupungwa hewani, na kamera zikiiona mikono ya daktari ikifanya kazi, mara nyingine huidhania amri na kufungua menyu katikati ya picha. Tulizima utambuzi wa mikono. Amri za sauti za miwani yetu haziko kwa Kiswahili, na kwa lafudhi zetu za Kiingereza hukosea mara kwa mara. Watengenezaji wangeruhusu kanyagio la mguu, kama lile la hadubini, tatizo lingekwisha.

Jambo la faragha limepuuzwa mno katika mazungumzo niliyoyasikia. Miwani hizi hutaka akaunti na intaneti, na baadhi huweka video kwenye hifadhi ya kampuni nje ya nchi bila mtu kuamua hivyo. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na video ya jicho ni taarifa ya afya ya mtu, tena yenye iris, duara la rangi linaloizunguka mboni, ambayo michoro yake hutofautiana kwa kila mmoja na hutumika kumtambulisha. Mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa, kabla hajadungwa ganzi, kwamba mwanafunzi atatazama na kwamba video itahifadhiwa, na akikataa asiulizwe sababu. Wengi hukubali. Bibi mmoja alitaka kujua kama mjukuu wake naye angeweza kuona lenzi ikitolewa, na tulipomwonyesha mjukuu video baadaye, kwa idhini ya bibi, alitazama hadi mwisho.

La mwisho ni uhai wa kifaa. Microsoft ilisitisha utengenezaji wa HoloLens 2 mwaka 2024, miaka mitano tu baada ya kuitoa kwa bei ya dola 3,500, na yeyote aliyekuwa amejenga mfumo wake juu yake akabaki na kifaa kisichotengenezwa tena. Hadubini nzuri hudumu miongo. Kwa sababu hiyo nimehakikisha kamera na kompyuta yetu vinatoa video ya kawaida kwa kebo ya kawaida, ili miwani ikifa leo tuunganishe nyingine, au tuirudishe picha kwenye televisheni, bila kugusa hadubini. Masasisho ya programu nimeyazuia yasijifanye yenyewe, na huyaruhusu Jumamosi jioni ambapo hakuna ratiba ya upasuaji. Anayetaka kununua amtake muuzaji, awe Kampala au Nairobi, aiwashe miwani dukani mtandao ukiwa umezimwa na aonyeshe video ikiingia kwa waya. Ikikataa kufanya kazi bila intaneti, asiichukue.